Pikipiki Yenye Homa

Sitio Lampasan,
Milimani, Negros.
17 Novemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Crisanto,

Pokea salamu za kujaza karai kutoka huku mlimani. Hujambo? Je, jua la Jubail bado linakukausha kama samaki wa kuanika, au umeshakuwa Mwarabu? Na ule mgongo uliolalamikia kwenye barua ya mwisho umepoa? Usiinue vyuma peke yako ukajifanya mimi. Nguvu za ukoo huu nilizibeba zote nilipotangulia kuzaliwa, wewe ukaachiwa sura.

Sisi huku tu wazima. Mama anatafuna tambuu yake na kutugombeza kwa zamu, leo zamu yangu, kesho ya mbwa. Mke wangu Conching amenenepa mpaka ngazi inamlalamikia. Mahindi yamelazwa na mvua, lakini hatujalala njaa. Mkeo Lilibeth anakula, analala, na barua zako anazisoma mpaka karatasi imelainika kama kitambaa. Nimeanza na hayo ili moyo wako ukae sawa, maana ninayokuja kuyasema yameninyima usingizi, mimi ambaye niliwahi kulala juu ya shehena ya miwa, lori likienda.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimenunua pikipiki. Crisanto, ungeiona! Nyekundu, ya Kijapani, tangi linang'aa hata ukitaka kunyoa ndevu hapo unanyoa. Nimeifungia ubao mrefu wa kukalia, kwa hiyo napakia abiria, mchele wao na nguruwe wao kwa safari moja. Ndiyo pikipiki pekee hapa Lampasan. Ile ya kule bondeni unamjua mwenyewe, anaanza kunywa kabla jogoo hajamaliza sentensi.

Siku niliyoileta, Mama alichinja kuku mweupe akaipaka damu magurudumu yote mawili, kama ilivyo desturi. Akasema, "Nyumba ina nguzo. Hii ndiyo nguzo yetu sasa." Siku hiyohiyo, katikati ya kula na kunywa, nikavua tairi la mbele la dukani nikavalisha lenye makucha, la matope. Kazi hiyo naifanya nimefumba macho. Kule gereji ya Manila waliniita profesa wa matairi, ingawa darasani niliishia la nne.

Basi kuanzia hapo ikashikwa na homa.

Ikisimama, hata uipigishe kelele kiasi gani, imetulia. Ukienda polepole, imetulia. Lakini ikichanganya kidogo tu, mwendo wa kawaida wa kuteremka, usukani unaanza kutetemeka mikononi kama kuku aliyeshikwa, na mtetemo unapanda viwikoni, mabegani, mpaka kwenye meno. Nikadhani ni yale makucha ya tairi, nikaisamehe. Nikangoja izoee. Haikuzoea.

Na watu wa hapa unawajua, hawana huruma. Mzee Andoy alipakia dumu lake la tembo la mnazi, tulipofika chini akafungua kizibo, likamrukia usoni povu tupu. "Pilo," akasema, ndevu zote nyeupe, "nilikupa tembo unibebee, sikukuambia unifulie nguo!" Yule mama muuza mayai naye sasa akiniona anapiga kelele toka mbali, "Leo hapana, mwanangu, leo sitaki ya kukaanga!" Nacheka nao. Lakini kucheka kwenyewe, Crisanto, ni kwa mdomo tu.

Maana barabara imekatika. Mvua ya mwezi uliopita iliporomosha kipande cha mlima pale kona ya msalaba. Imebaki njia ya upana wa mkeka, kushoto ukuta wa udongo, kulia hewa. Lori la mboga haliji tena. Anayepita pale ni mbuzi, mtu kwa miguu, na mimi.

Na Jumatatu ya wiki iliyopita mkunga Felisa alikuja kumpima Lilibeth. Akapapasa tumbo, akapapasa tena. Akasema mtoto amekingama. Kichwa upande huu, miguu upande ule, kajinyoosha kama mtu kwenye bembea. Akasema huyu hatazaliwa nyumbani, azaliwe hospitali kubwa mjini, na mama yake ateremshwe kabla uchungu haujaanza. Kisha akanigeukia, kidole mbele ya pua yangu.

"Wewe, Pilo, ndiye utakayemteremsha. Lakini asitikiswe. Umenisikia vizuri? Asitikiswe."

Hebu fikiria! Ningeambiwa nimbebe mgongoni kupanda ukuta ningejibu sawa. Lakini asitikiswe, na chombo nilicho nacho kazi yake kubwa ni kutikisa.

Nikaikokota kwa fundi Isko. Isko ni fundi, simkatai, ila kwake dunia nzima ni injini. Akakaza bolti zote zinazoshika injini. Tukaipanda, ikatetemeka. Akabadilisha mnyororo. Ikatetemeka. Akashusha injini yote chini, akaipandisha, zikabaki nati mbili mkononi mwake akazitia mfukoni kama hazimhusu. Ikatetemeka.

"Kaka," akaniambia akijifuta mikono, "kila pikipiki ina tabia yake. Hii tabia yake ndiyo hiyo."

"Isko, hata mke wako ana tabia yake, lakini hakutikisi mpaka meno yanagongana."

"Hujamjua mke wangu," akasema.

Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi nikiitazama. Nilianza kuichukia. Usiku nilikuwa nafumba macho nauona usukani unanitoka mikononi pale kona ya msalaba, na nyuma yangu Lilibeth kashika tumbo. Nilikuwa nakuona na wewe, umesimama uwanja wa ndege na sanduku lako, unatafuta nyuso zetu, mimi nikijificha nyuma ya Mama. Wewe uliponikabidhi mkeo hukuniambia maneno mengi. Ulisema tu, "Kaka, upo." Sijalisahau hilo neno.

Tukaanza kupanga machela. Wanaume wambebe kwa mianzi, wapokezane mpaka chini. Lakini njia ile yote, kwa utelezi, na mmoja akiteleza wote wanakwenda. Lilibeth mwenyewe alikuwa anatusikiliza huku anachambua mahindi, akasema polepole, "Kaka Pilo, mimi nitapanda popote mtakaponipandisha. Ila msibishane mbele yangu, mtoto anasikia."

Ndipo Mama akaongea kutoka jikoni, na hapa ndipo mambo yalipogeuka.

"Mnamsumbua mtoto wa watu bure. Apande pikipiki. Ile haianguki."

"Mama, inatikisika."

"Iache itikisike. Nimeshaiwekea."

Nikasimama. "Umeiwekea nini?"

Akatafuna tambuu yake, anaangalia moto.

"Mama, umeiwekea nini?"

"Jambo hilo likitajwa nguvu inakwisha."

"Mama! Huyu hapa ana mjukuu wako tumboni!"

Akatema mate mekundu. "Sarafu," akasema. "Zile za baba yenu, za chini ya nguzo. Kimbunga kilipoiangusha nyumba ya zamani nilizifukua, nikazitunza. Nimezishonea mfuko pamoja na medali ya mtakatifu wa wasafiri."

"Ukaziweka wapi?"

"Kwenye mguu wa mbele. Nyumba huwekewa chini ya nguzo ya kwanza kusimama, au sivyo? Sasa hiyo yako nguzo yake ya kwanza iko wapi kama si mguu wa mbele? Ulikwenda kula ukaliacha tairi limeachama. Nikazisukuma ndani."

Na mimi, profesa, nilirudi nimeshiba, nikaukandamiza mdomo wa tairi huku napiga mluzi, bila kuchungulia.

"Mama, wiki zote hizi unatuona tunahangaika, Isko anafungua, anafunga. Ulikuwa unafikiri inatetemeka kwa nini?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Nilifikiri ndiyo inafanya kazi."

Conching alicheka mpaka akakaa chini. Lilibeth alicheka ameshika tumbo, nami nikamwambia aache, asitikiswe. Nilicheka na mimi. Kisha nikachukua spana nikalivua lile gurudumu, na nilipolifungua nikaacha kucheka.

Mfuko ulikuwa umejikusanya sehemu moja, mzito, kati ya tairi na tyubu. Kitambaa kilikuwa kimetoboka, na ukingo wa sarafu moja ulichomoza, unang'aa kama mpya kwa kusugua. Pale uliposugua, tyubu ilikuwa imebaki nyembamba kama utando wa ndani wa yai. Niliibonyeza kwa kidole, ikavimba kilengelenge. Mtetemo wenyewe haukuwa shida, Crisanto. Mtetemo ulikuwa unanipigia kelele.

Mama akaja akasimama juu yangu.

"Ingepasuka?"

"Ingepasuka."

"Pale kona ya msalaba?"

"Popote ambapo ingependa yenyewe."

Akaitema tambuu kabla haijaisha utamu, jambo ambalo sijaliona tangu siku ya maziko ya baba. Akakaa kwenye ngazi. Ningemlaumuje? Alichukua kitu cha thamani kuliko vyote alivyo navyo akakitia mahali anapopita mwanawe. Nikavalisha tyubu mpya, nikapitisha kiganja ndani ya tairi lote, mara hii nimefumbua macho, nikalifunga.

Nilipoiwasha niende kuijaribu, Mama akainuka. "Nipakie mimi kwanza."

Mama yetu, ambaye aliapa kwa watakatifu wote kwamba hatakalia kitu chenye moshi! Akapanda ule ubao, mahali atakapokaa Lilibeth, akaomba bakuli la maji aliweke mapajani. "Hili ndilo tumbo," akasema. "Likimwagika, tunabeba machela."

Tukateremka mpaka kona ya msalaba, tukapita ule mkeka wa njia, tukageuza, tukarudi. Mwendo uleule uliokuwa unaleta homa niliupita makusudi. Usukani ulitulia mikononi kama mkono wa mtu aliyelala. Tulipofika uani sketi ya Mama ilikuwa kavu. Majirani wakashangilia, Mzee Andoy akauliza kama sasa anaweza kurudishiwa tembo lake.

Lakini Mama hakushuka. Alikuwa ameniwekea mkono mgongoni.

"Pilo, mbona bado inatetemeka?"

"Nimeshaizima, Mama," nikamwambia. "Huyo ni mimi."

Akauacha mkono palepale mpaka nikatulia.

Sarafu Mama amempa Lilibeth azifumbate njia nzima. Anasema zinamfaa mtu, chuma kitajitafutia chake. Ukirudi utajenga, zitaingia chini ya nguzo yako.

Conching anakusalimu, anasema unenepe. Mzee Andoy anakusalimu na kudai uje na baibui la huko la mke wake. Isko anakusalimu, na bado anasisitiza kwamba yeye ndiye aliyeiponya. Felisa mkunga amesema tukifika hospitali tuseme tumetumwa na yeye, ingawa hawamjui. Mama anakuombea jioni na asubuhi, sasa kwa unyenyekevu kidogo.

Kesho, mvua ikitupa nafasi, tunateremka. Barua hii nimeifunga kwenye plastiki, itakaa kifuani mwangu. Posta iko njiani, kabla ya hospitali, lakini nitaipita bila kugeuza shingo. Nitamfikisha Lilibeth kwanza, nimkabidhi kwa wauguzi, ndipo nirudi kununua stempu. Najua umesoma kurasa hizi roho mkononi. Ningeweza kukutuliza tangu mwanzo, ila mimi nimeogopa peke yangu wiki nzima, nikaona na wewe ubebe kidogo, ndugu ni kusaidiana. Sasa ushushe mzigo. Kama karatasi hii unayo mkononi, basi kona ya msalaba tulikwisha kuipita.

Mungu akutie kivuli katika hilo jua, akurudishe na mifupa yako yote.

Nipo,
kaka yako anayekupenda kuliko pikipiki yake,
Teofilo (Pilo)