Vocha za Mjomba na Mabeseni Sita

Alhamisi, 28 Mei
Asubuhi mawingu, mvua hakuna. Mjomba kaanza kabla ya chai! Eti benki inakukopesha pesa iliyoizaa kwa kalamu, halafu inataka irudi na watoto, yaani riba. "Hao watoto watatoka wapi? Kwa kukata msitu!" Ndiyo maana kabuni vocha za mtaa, karatasi za kununulia vitu madukani badala ya pesa: kila mwisho wa mwezi zinapungua thamani sehemu moja ya kumi, asizirundike mtu. Mkaza mjomba: "Na wewe ulikaa dirisha la benki miaka thelathini ukiwazalisha." Nimecheka hadi chai ikamwagika.
Jumatatu tawi letu la chama cha mazingira linapiga kura: vocha ziingie kwenye ilani au la. Mjomba hana ndoto nyingine.

Jumapili, 31 Mei
Jua kali. Kesho vocha zinapungua — duka la vyombo limefurika! Jirani katoka na mabeseni sita ya plastiki. Ya nini? "We shoga, bora beseni kuliko hasara!" Fundi cherehani kapokea oda tisa za magauni ya watu wenye magauni. Nimeandika yote kwenye kidaftari: ndoo na mabeseni arobaini na moja kabla ya saa sita mchana. La arobaini na moja langu. Mimi, katibu mzima wa chama cha mazingira!
Nimemwambia Mjomba. "Pesa inazunguka, mwanangu!"
Inazunguka, Mjomba, lakini inarudi na plastiki. Kanuna.

Jumatatu, 1 Juni
Manyunyu. Mwenyekiti ana homa, nikakalia kiti chake. Nikasoma kidaftari chote, neno kwa neno. Kura: sita kwa sita! Zikilingana, mwenye kiti ndiye anayeamua. Mjomba si mwanachama, alikaa nyuma na koti lake la benki, akaniangalia mimi tu. Nikaomba muda wa kuamua hadi kesho saa mbili asubuhi. Fundi cherehani: "Katibu, unaogopa kunyimwa chakula cha jioni?"
Sikunyimwa. Mjomba kaosha vyombo mwenyewe, ndani ya beseni langu jipya. Kisha: "Hebu nipe hicho kidaftari."
Nimempa. Yuko sebuleni, nasikia anahesabu upya, kwa sauti, kama zamani kazini. Kafika thelathini na nane. Kaanza tena kutoka moja.
Saa sita na robo usiku. Nazima taa yangu. Yake bado inawaka.