Mlango wa Chumba cha Baba

Kaka, shikamoo.

Natumaini wifi amepona mafua. Mimi mzima, bado niko kwenye mafunzo ya kulisha wagonjwa wasioweza kumeza. Jana mkufunzi aliuliza nani atakubali kuwekewa mpira wa kulishia, tujue wagonjwa wanapitia nini. Kiherehere changu unakijua. Wakanipitishia mpira puani mpaka tumboni, wakanisukumia uji wa hospitali kwa bomba la sindano. Machozi yalinitoka, lakini hilo si kitu.

Saa ya kula ilipofika, wenzangu walibeba sahani zao wakaenda chumba cha pili na kufunga mlango, wasinitie hamu. Nilikuwa nimeshiba kabisa. Ila kila niliposikia vijiko na vicheko vyao, upweke ulinibana, hadi nikajikuta nagonga meza.

Ndipo nilipomkumbuka baba. Kiharusi kilipomnyima sauti na uwezo wa kumeza, akawa analishwa kwa mpira kama huo, mimi ndiye niliyewaambia muwe mnakula jikoni na mumfungie mlango, asitamani. Ukanipigia simu kusema kwamba kila mkianza kula anagonga ukuta. Nami, mtaalamu wenu, nikajibu kwamba mgongo unamuuma, mgeuze.

Miezi yote hiyo mmekuwa mkimgeuza, kaka, na mgongo haumuumi. Baba anapiga hodi.

Msimtie kitu mdomoni, bado ni hatari. Lakini kiti chake kirudisheni mezani, na leo akigonga, mwitikieni, “Karibu.”

Mdogo wako, ambaye bado ni mwanafunzi.