Mianzo Uliyonitungia, Dada Sidi

Dada yangu Sidi,

Nakuandikia hapa, mbele ya macho ya watu, kwa sababu namba yako haipatikani tangu mwaka jana na hakuna anayejua huko Uarabuni umehamia nyumba gani. Nasikia nyinyi mliokwenda kufanya kazi huko husomeana habari za nyumbani kwenye simu. Basi atakayeisoma hii na akamjua Sidi wa Kaloleni, msusi, mwenye sauti nene na kicheko cha kuamsha majirani, tafadhali amwonyeshe. Mwambieni imetoka kwa mdogo wake. Mwambieni hana hasira tena.

Hawe, nyanya yetu, hajambo. Magoti yanamsumbua, mdomo haujambo kabisa. Mimi niko chuoni Malindi, nasomea filamu. Cheka tu, lakini ukimaliza kucheka ujue wa kulaumiwa ni wewe.

Unakumbuka Jumapili zetu? Filamu kwenye banda la video la Mzee Karisa, pale sokoni, ilianza saa tisa. Sisi tulifika saa kumi kasoro, kwa sababu kichwa cha mteja wa mwisho kilikuwa hakijaisha, na hukuwahi kumwachia mtu kichwa nusu. Nilikaa kwenye mkeka nikikupokeza uzi, roho yangu iko sokoni. "Dada, tunachelewa." Nawe bila kuinua macho: "Filamu haina miguu. Itatungoja." Haikutungoja hata siku moja. Tuliingia watu wameshauawa, wachumba wameshagombana, nasi hatujui nani mwema nani mbaya. Ukimuuliza wa jirani, ananyamazishwa pamoja nawe.

Lakini njiani kurudi nyumbani ulinishika mkono ukasema, "Haya, sasa nikwambie ilivyoanza." Ukanieleza kana kwamba ulikuwepo. Ile ya ndugu wawili waliopotezana utotoni, mmoja akawa polisi na mwingine mwizi, ulisema ilianza asubuhi moja mama yao akiwachana nywele. Huyu akampasua njia kulia, huyu kushoto, ili asiwachanganye. Yule wa kushoto akakataa, akachomoka mbio na nywele zake timutimu, na ndipo alipopotea. Kwako kila filamu ilianzia kichwani mwa mtu, wala mimi sikushtuka. Nilifika darasa la tano nikiwaapia wenzangu kwamba ndivyo ilivyo.

Mwalimu wetu hapa ni Bi Swabra, mtu wa Malindi mjini, Kiswahili chake kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Siku ya kwanza alituambia: "Mwanzo wa filamu ni hodi, wanangu. Ukiingia kwa watu kama mwizi, wakikutoa mbio usiwalaumu." Akatupa kazi ya kutazama mianzo mitano ya filamu, na kwa kila mmoja tuandike tunasikia nini kwanza, tunamwona nani, na tunafichwa nini. Kwenye filamu za chuo nikaikuta ile yetu, ya polisi na mwizi. Nikaifungua kabla ya nyingine zote.

Dada, inaanza na gari. Gari linakwenda barabarani dakika nne nzima na majina ya watu yanapanda. Hakuna mama, hakuna chanuo, hakuna mtoto aliyekataa kuchanwa. Niligeuka nikuchokoze, nikuite mwongo mkubwa, mdomo umeshafunguka, nikamkuta mwanafunzi mwenzangu anatafuna karanga. Nilikukosa pale pale kuliko nilivyowahi kukukosa. Kwa ukaidi nikaandika mwanzo wako badala ya ule wa gari. Karatasi ilirudi na wino mwekundu: "Huu haumo katika filamu. Ila ni bora kuliko mwanzo wao. Umeupata wapi?"

Kisha ikaja kazi kubwa, kila mmoja apange mwanzo wa filamu yake mwenyewe, dakika mbili. Uchore picha moja moja kwenye visanduku, useme kamera inasimama wapi, sauti gani inasikika, halafu ukapige. Nikachagua asubuhi uliyoondoka.

Nilichonacho cha siku zile ni jioni iliyotangulia. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu hukunisuka kamwe, maana kichwa changu kilikuwa cha mwisho wa wiki, baada ya vichwa vyote vya Kaloleni. Siku hiyo ukaniita mimi wa kwanza. Ukanisuka mistari myembamba mpaka macho yakanivutika. "Mbona midogo hivi, dada?" Ukasema, "Ili ikae." Sikuuliza tena. Kesho yake nilipotoka shule nikamkuta Hawe kakaa kwenye kigoda chako. "Dadako ameondoka," akasema. "Alisema ukijua utalia, naye hataweza." Nilikuwa darasa la saba. Mistari ile nilikaa nayo mpaka ikageuka manyoya, na Hawe alipotaka kunifumua nilimpiga teke. Nampenda, namwomba msamaha mpaka leo.

Ulipopiga simu mara ya kwanza nilimwambia Hawe, "Mwambie nimelala." Ilikuwa saa kumi alasiri. Ukapiga tena wiki iliyofuata, nikasema nimelala. Mwaka mzima nililala, dada, na wewe ukaendelea kuuliza kwa Hawe kama ninakula, kama nimefaulu, kama nimerefuka. Baadaye ukaacha kuniomba kwenye simu, ukawa unatuma salamu tu. Nilitaka uumie kama nilivyoumia mimi, na nadhani nilifaulu.

Ndiyo maana visanduku vyangu vilikuwa kumi na viwili na vyote vikali. Mlango unafungwa. Miguu inatoka. Begi. Mgongo wa mwanamke unapungua barabarani, wala hageuki. Niliwaonyesha darasani, nikajiona fundi. Bi Swabra akavitazama kimoja kimoja.

"Kamera yako imesimama wapi?"

"Mlangoni, mwalimu."

"Na hapo mlangoni, asubuhi hiyo, alikuwepo nani?"

"Nyanya yangu, kwa ndani."

"Basi mgongo huu aliuona nani?"

Akanirudishia karatasi. "Umejua vipi kwamba hakugeuka? Nenda kwenu, mwanangu. Ifuate njia aliyopita, ukisimama kila alipoweza kusimama. Kisha uchore upya."

Nilikwenda Kaloleni nimenuna. Nikatoka mlangoni kwa Hawe na simu mkononi, nikipiga picha kila hatua kumi, mbele, nyuma, na pembeni. Ukuta, minazi, choo cha jirani, mbuzi. Mpaka nikafika kwenye kona yenye mashine ya kusaga, pale barabara inapopanda kabla ya kufika kituo cha magari. Nikageuza simu upande wa kushoto, nikasimama. Shule yetu iko chini pale pale, dada. Uwanja wote unaonekana. Nilisoma humo miaka minane na sikujua, kwa sababu sisi tuliokwenda shule kwa kijia tulipita kwa chini.

Baba Kahindi, fundi wa viatu, bado anakaa kwenye kona hiyo. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anakukumbuka.

"Dadako Sidi? Nitamsahauje? Alisimama papo hapo ulipo wewe, na begi lake. Gari la kwanza likampita. La pili likampita. Nikamwambia, mwanangu, wewe ni msafiri ama ni nguzo?"

"Akasema nini, baba?"

"Akasema yuwangoja kengele. Kengele ikalia, wana wakatoka kucheza. Akakuona, akanionyesha: yule pale, mwenye mistari mipya. Mlikuwa mwaruka kamba. Akacheka peke yake, kisha akalia peke yake. Nikamwambia shuka basi ukamuage, mwendo wa dakika mbili. Akaniambia, baba, nikishuka siondoki tena."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akaendelea kupitisha sindano. "Nilidhani wajua," akasema.

Nilichana visanduku vyote kumi na viwili. Nikachora upya nikiwa nimekaa kwenye gunia mlangoni mwa mashine ya kusaga. Sasa mlango haumo, wala mgongo. Unasikia kengele kwanza. Halafu unaona uwanja kutoka juu, watoto wanamwagika, na polepole jicho linamtafuta mmoja mpaka linampata. Anaruka kamba. Dakika mbili zote ni hizo. Mtazamaji hajui ni nani anayetazama, anajua tu kwamba anayetazama hataki kuondoka. Bi Swabra aliusoma mpango akavua miwani, akasema, "Nenda kapige."

Tulipiga Jumamosi iliyopita. Msichana mmoja wa gredi ya tano akakubali kuwa mimi. Nikampa maelezo kutoka kule juu, kwa simu aliyoishika mwenzetu mmoja uwanjani: ruka kamba, cheka, usiinue kichwa, hujui kama kuna mtu. Kila nikisema tuanze, anaruka mara mbili tatu kisha anaangalia juu. Mara ya nne nikamfokea, "Usiangalie juu! Hujui kama yuko!" Na mara ya tano akaipata. Akaruka, akacheka na wenzake, kichwa chini, hana habari ya dunia. Mwenzangu wa kamera akashangilia. Mimi nikaenda nyuma ya mashine ya kusaga nikalia mpaka Baba Kahindi akaniletea maji. Ndivyo ilivyokuwa, dada. Ulikuwa pale juu na mimi sikuinua kichwa.

Nimechukua laini ya Hawe, naye ameridhia. Namba ni ile ile uliyokuwa ukipiga, ila sasa iko kwenye simu yangu, na nalala nayo chini ya mto. Piga saa yoyote. Usimuulize mtu kama nimelala.

Kitu kimoja zaidi. Kabla hatujafungasha vyombo, niliomba tupige mara moja tena. Mwenzangu akasema ya nini, tumeshapata. Nikamwambia hii si ya chuo. Nikampigia yule msichana kule chini nikamwambia: "Ruka kama mwanzo. Halafu simama, uangalie huku juu, umuone dada yako." Akaruka. Akasimama. Akakinga jua kwa kiganja, akatafuta, kisha akapunga mkono, mkono mzima, mpaka kamba ikamwanguka. Ninayo hapa, haimo kwenye filamu, sijamwonyesha mtu.

Nimechelewa miaka minane, lakini nakuaga. Nenda salama, dada yangu. Kisha urudi.

Mdogo wako,
Kache