Sanda Kumi na Mbili

Jumanne, 5 Agosti 2025

Semina ya wafanyabiashara, mjini. Idi kanivuta nikaenda — huyu mdogo wangu akisikia neno semina anapiga pasi shati. Mwalimu ni Sébastien, ana tai na kompyuta. Anafundisha mnyororo wa ugavi: jua mteja wako atahitaji nini na lini, agiza kiasi hicho, usilundike. Bidhaa iliyokaa rafuni ni pesa iliyolala, anasema. Wote wanaandika, Idi mbele yao.

Nikanyoosha mkono. Mimi nauza sanda, Buyenzi. Mteja wangu ataniarifu lini? Ukumbi mzima kicheko. Sébastien naye akacheka, kisha akasema nitazame takwimu za mwaka jana. Takwimu! Mimi nina sheria ya Bi Assia: zikibaki kumi na mbili, agiza, na hizo zisiguswe ila na msiba. Miaka thelathini anaosha maiti za wanawake mtaani kwetu, hakuna aliyesubirishwa kwa kukosa kitambaa. Hiyo ndiyo semina yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Sanda zimebaki kumi na mbili kamili, yaani majora matatu ya bafta nyeupe. Niliagiza tangu wiki iliyopita. Lori limefika Gitega, limeishiwa mafuta. Dereva anasema tumuombe Mungu. Namuomba, na Namegabe, muuza bafta wa Uvira, pia nimempigia. Ameahidi Jumatatu. Sitegemei barabara moja, mimi.

Laure, mpambaji wa harusi, amekuja anataka majora yote. Harusi ni Jumamosi, Kiriri. Nimemwambia hapana. Kaongeza bei. Hapana! Majirani husema nikihifadhi sanda nawaita watu wafe. Waseme.

Jioni kwa Bi Assia. Homa haijashuka. Swali lake la kwanza: "Inabakia ngapi?" Kumi na mbili, bibi. "Na mi nikikamata yangu?" Kumi na moja. Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Rafu tupu! Nilimwachia Idi duka nikaenda hospitali na Bi Assia, narudi — kamuuzia Laure yote. Anajitetea: "Dada, ile stoki ilikuwa inalala tu! Lori itafika kesho." Kesho ya nani? Nimepiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akazima mashine ili asikie vizuri. Nina hasira, hata kuandika siwezi.

Jumamosi, 9 Agosti

Bi Assia amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sijalia. Nitalia baadaye. Mazishi ni baada ya alasiri. Nimezunguka soko duka kwa duka: nailoni ipo, mashuka yapo. Bafta hakuna. Idi kasema shuka jeupe litatosha, kidini hakuna ubaya. Najua hakuna ubaya! Lakini mwanamke aliyeuvika mtaa mzima bafta hatazikwa na shuka la kitandani kwa sababu Idi alikwenda semina.

Basi, Kiriri. Bafta yangu wameitandaza juu, turubai zima la harusi, imefungwa utepe wa rangi ya waridi. Laure anasema nisubiri sherehe iishe. Nimemwekea bahasha ya pesa zake mezani, nikapanda ngazi yao. Naandika haya huku juu, kwenye daftari la maagizo, mkasi mapajani. Bila ngazi hawawezi kuendelea kupamba, kwa hiyo sishuki. Nataka majora yote matatu: sanda moja ya Bi Assia, kumi na moja zinarudi rafuni. Idi ameshika ngazi chini. Mlinzi kaniamuru nishuke. Nimemwambia apande anishushe.

Laure amekwenda kumwita mama wa bibi harusi. Huyo anakuja, nywele bado ziko kwenye rola. "We mama, unashusha nini kwangu?"

Sanda, nimemwambia. Ya Bi Assia wa Buyenzi, anazikwa leo.

Katazama juu, kitambaa chote, mpaka mwisho wa turubai. Kamtazama Laure. Sasa anavua viatu, anamwambia Idi akaze ngazi. Sijui anapanda kunishusha mimi au kushusha bafta. Utepe wa kwanza nimeshakata.