Bega la Kushoto la Mama Verna

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Aprili, theluji ikiwa bado haijaisha mlimani.

Ulikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na nusu ya Montana wamekula mikate yako ya mdalasini. Sisi wa nyumbani tunakumbuka pia bunduki zako saba na sheria yako moja: bunduki tupu hukaguliwa mara mbili. Hata mtu akikuonyesha kuwa bunduki ni tupu, ulisema, "Nimeona. Haya, nifungulie tena."

Jicho lako la kulia lilipopofuka, daktari alisema halitarudi. Baba mdogo Einar, mshindani wako wa shabaha wa miaka yote, akaja na utani wake: "Basi shemeji, tugawie bunduki, wewe ukae ufume sweta."

"Nitakufumia wewe," ukamjibu, "upate la kuvaa siku nikikushinda."

Alipoondoka ulilia jikoni. Tulikuona, Mama, tukajifanya hatukuona.

Jumatatu ukaingia dukani kutafuta bunduki ya mkono wa kushoto, ulenge kwa jicho lililobaki. Ulijaribu tisa. Kila moja uliiweka begani ukiwa umefumba macho, kisha ukafumbua. Kama haikuelekea ulikotaka, uliirudisha. Muuzaji akakuletea moja yenye kitako kinachong'aa kama kioo. "Mama Verna, hii ndiyo nzuri kuliko zote!"

"Nzuri kutazama. Kwani natafuta bwana harusi?"

Ukachukua ya mtumba, yenye mikwaruzo, iliyokukaa sawasawa.

Majira yote ya baridi ulijizoeza ghalani na bunduki tupu, bega likakuvimba kwa kuiinua na kuishusha. Machi, risasi zako za kwanza zilipasua mbao zilizoshika shabaha. Ukacheka: "Angalau kuni nimepata."

Agosti, kwenye mashindano ya klabu, ulilala kifudifudi ukapiga risasi zako kumi, umbali wa yadi mia mbili. Ukawa wa nne, Baba mdogo wa tano. Ulishangilia hadi mshindi wa kwanza akadhani matokeo yamebadilishwa.

Agosti iliyopita tulishindana bila wewe. Baba mdogo aliomba bunduki yako, akaiweka kwenye bega la kushoto. Katika risasi kumi hakuna hata moja iliyogusa karatasi ya shabaha. Tukamcheka, yeye hakucheka. Alibaki amelala palepale, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa kazi kubwa hivi! Na mimi nilikuwa namtania tu."

Unakumbukwa na mumeo Orrin, wanao Lorna, Thayer na Inga, wakwe zako, wajukuu zako wanne, shemeji yako Einar, na wenzako wote wa klabu. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Mama.