Wachimbaji Wawili kwenye Kioo Kimoja

Mwadui. Jumatatu, 2 Juni 1986
Nimetoka karakana saa tisa. Ugali wa jana, kisha kompyuta aliyoniachia injinia. Mchimbaji wa mchezo ninaoutengeneza anachimba vizuri, anakwepa maji, anaokota almasi. Peke yake. Ndiyo ugomvi wenyewe. Siku Kabula alipofunga mzigo kwenda kwao Didia aliniambia: "Umetengeneza mchezo wa mtu mmoja, basi na nyumba iwe ya mtu mmoja." Wiki ya sita sasa. Nitaweka mchimbaji wa pili, awe wake. Nataka mke wangu arudi.

Jumatano, 4 Juni
Nilidhani ni kunakili tu mistari ya yule wa kwanza. Upumbavu. Mchezo mzima unamjua mtu mmoja. Mmoja akifa, vyote vinasimama. Wakifika pamoja kwenye almasi, kila mmoja anaipata ileile. Nimefuta. Nimeandika. Nimefuta tena.

Ijumaa, 6 Juni
Kumbukumbu ya mashine imejaa. Nimetoa muziki, nimetoa maji. Bado wanakwenda mwendo wa kinyonga. Vitufe viwili vikibonyezwa pamoja, mchimbaji mmoja anaganda. Nimelia. Mtu mzima.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Mashine sasa inawasikiliza kwa zamu, huyu halafu yule, upesi hata jicho halioni. Inakwenda! Nimemwandikia Kabula barua, nikampa dereva wa lori. Mchezo ni wa wawili, njoo uone.

Jumanne, 10 Juni
Nimemsimulia Baba Shija, fundi mwenzangu. Akaweka spana chini.
"Barua? Mke akirudi kwao anafuatwa, ndugu yangu. Unakwenda na mzee, mnakaa na baba yake, mnazungumza."
Nilijua. Nani kwetu hajui? Wiki sita nimekaa na mashine, sikutafuta mzee hata mmoja. Majuto ni mjukuu, na mimi hata mtoto sina. Baba Shija atamleta mjomba wake Jumapili, twende Didia.

Jumamosi, 14 Juni
Wamekuja asubuhi, Kabula na mama yake. Mkwe akiingia, mimi natoka, ndiyo heshima kwetu. Nimekimbilia jiko la nje, nikamwamkia mama kwa Kisukuma nyuma ya ukuta.
"Mwangaluka, mayu."
Akaitikia, kisha akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mwenzio, baba yako alingoja watu, ameletewa karatasi. Tumefuata nguo."
Mashine nilikuwa nimeiacha inawaka. Nikasikia vitufe. Kabula anamwelekeza mama yake: chimba huku, mayu, hiyo niachie mimi. Wakacheka wote wawili. Mwaka mzima sijamsikia akicheka hivyo. Wamecheza muda mrefu, na mchezo haukuganda hata mara moja. Mimi nimesimama jikoni na majivu. Kisha wakabeba mzigo, wakaenda.

Jumapili, 15 Juni
Baba Shija na mjomba wake wamefika mapema, wamevaa makoti. Nimewaambia nguo zimeshaondoka, hakuna tena la kwenda kuzungumza. Mjomba akavua koti, akalikunja magotini. Nimewachemshia chai. Tumekunywa. Walipoondoka nimefua shati la kazi la kesho.