Kigoda cha Kupandia Landrova

Mume wangu mdogo Masanja,

Shikamoo yako imefika, marahaba mjukuu wangu. Huku Gongoni hatujambo. Mama yako mdogo amevuna karanga, na mvua bado haijakata.

Umeuliza kama ufunge matairi makubwa na kuinua springi za mbele ili gari likae sawa. Babu yako alifanya hivyo hivyo kwenye Landrova yake, kwa sababu ya tope la njia ya Ulyankulu. Gari likasimama sawasawa, naye akawa analizunguka akicheka peke yake. Mimi nilikuwa na mimba ya mama yako. Nikainua mguu nipande, haukufika.

"Basi nenda na matairi yako," nikamwambia, nikarudi ndani.

Kesho yake akaja na kigoda cha mninga alichochonga mwenyewe, akakiweka chini ya mlango, akanipa mkono. Miaka yote sikupanda gari lile bila mkono ule.

Funga matairi yako, mume wangu. Babu alipofariki gari tuliliuza, kigoda nikakataa. Nimekikalia sasa hivi nikikuandikia. Ukija, kiweke chini ya mlango wa gari lako, unipe mkono.

Bibi yako